Maji ni Mamoja

Mliosafiri kwa boti kwenda Pemba mmeona wenyewe. Ukiwa karibu na ufukwe maji ni ya kijani, ukifika mkondoni yanageuka buluu tupu, maangavu hata unatamani kuyanywa. Watu huyasifu. Mimi siyasifu, kwa sababu najua buluu ile imetoka wapi. Ni rangi ya maji yasiyo na chakula, na wanaoishi ndani yake ni wadogo mno, tone moja linabeba maelfu yao na jicho lako halioni hata mmoja. Hawakuwa hivyo tangu mwanzo. Kaeni niwaeleze, na mwenye haraka aondoke sasa, asije akaniondokea katikati.

Enzi hizo watu hao wa majini walikuwa wakubwa, wana majumba ya vyumba vingi, na walikaa karibu na midomo ya mito. Mito iliwaletea tope jekundu lenye chuma, na chuma ndicho kilichokuwa uhai wao. Hawakuzaa kama tunavyozaa sisi. Aliyetaka mtoto alikusanya chuma mwilini mpaka kikawa maradufu, kisha akajigawa katikati, nusu yeye, nusu mwanawe. Asiyekuwa na chuma cha kutosha hakupata mtoto, hata angelia vipi.

Lakini walikuwa watu wa kujiona. Walisema tope linawachafulia nyua zao, wakafunga virago, wakahamia bahari kuu. Huko hakuna mto. Chuma kilikuja kwa vumbi tu, lile linalopeperushwa na upepo kutoka nchi kavu, leo punje moja, mwezi ujao punje nyingine. Kurudi waliona aibu. Wakabaki huko huko, wakaanza kukonda.

Tena kulikuwa na jambo jingine. Kila adhuhuri, jua la bahari kuu lilipopiga wima, maji yalitoa sumu iliyounguza ngozi. Kwa hiyo kila nyumba ilikuwa na ufagio wa chuma, na ikifika saa hiyo kila mtu alifagia uani kwake mpaka sumu ikaisha. Walikuwa na neno lao la kuanzia kazi. Mmoja husema, "Maji ni mamoja!" na majirani huitikia, "Ni mamoja!" Maana yake ilikuwa nzuri kabisa: sumu ya kwako itanifikia mimi, ya kwangu itakufikia wewe, basi tufagie sote.

Njaa ilipozidi walifanya kikao wakakubaliana kupunguza. Hapo siwalaumu, maana mwenye njaa hana budi. Walibomoa vyumba vya akiba. Walikata mikia yao ya kuogelea. Kuta walizozoea kuzipaka mafuta ya thamani wakazipaka mafuta ya salfa, ambayo baharini imejaa tele. Wakawa wadogo na wepesi, na chuma kidogo kilichokuja kikawatosha kwa taabu. Wangeishia hapo, leo ningekuwa nawasimulia habari za watu wenye akili.

Sasa alikuwapo mtu akiitwa Mcha, mjanja wa maneno na mvivu wa mikono. Aliyepakana naye ukuta kwa ukuta alikuwa dada yake, Mize, mwanamke mtu mzima ambaye hakuwahi kupata mtoto. Siku moja Mcha aliutazama ufagio wake, akaona una chuma cha kumtosha mtoto mmoja. Akautazama ua wa dada yake, umefagiwa vizuri hata sumu ya upande wake Mcha nayo imepungua. Akauyeyusha ufagio, akala chuma chake, akajigawa, akapata mwana. Majirani walipomuuliza juu ya sumu alicheka.

"Si dada Mize anafagia? Maji ni mamoja."

Neno ni lile lile, lakini sikieni lilivyogeuka mdomoni mwake. Na majirani wakalipenda. Mwezi haukuisha, fagio zote zimeyeyushwa na nyua zimejaa watoto. Hawakutosheka na hilo. Ili wawe wepesi zaidi waliutoa vichwani mwao hata ujuzi wa kufua chuma kiwe ufagio, wakautupa, kwa sababu ujuzi nao una uzito wake. Watoto wao wakazaliwa hawajui ufagio ni nini.

Akabaki Mize. Akifagia kwake, akifagia na kwa wengine, kutoka adhuhuri mpaka alasiri. Ufagio nao ulikuwa unalika, na kila punje ya chuma aliyoipata aliirudisha kwenye ufagio. Alitaka mtoto wa kike. Hakutaka kingine duniani, alitaka huyo tu, na kila mwaka punje za mtoto zilikwenda kwenye ufagio. Siku moja alijikaza akaenda kwa kaka yake, akapokewa mlangoni na wifi yake, Jokha.

"Wifi, nakuomba punje moja tu ya chuma," alisema Mize. "Nianzie hiyo, nami siku moja nijigawe."

"Wifi yangu, sie wenyewe si unatuona? Watoto sita! Na hilo lifagio lako, nani kakutuma ulibebe? Litupe kama walivyotupa wenzio."

"Nikilitupa, hao watoto sita watakufa."

"Basi fagia," Jokha alimjibu, tayari ameshageuka kurudi ndani. "Kwangu mie ni mamoja."

Mize alirudi kwake akilia. Uchungu wa njaa alikuwa ameuzoea, lakini wa kudharauliwa na watu anaowafagilia ulimkata maini. Adhuhuri ya siku ya pili aliulaza ufagio chini, akakaa kizingitini. Hakutaka kuua mtu. Alitaka waone, basi. Jua likapiga, sumu ikapanda, vilio vikaanza nyumba hii na nyumba ile. Aliposikia sauti za watoto aliruka akaushika ufagio, akafagia mpaka viganja vikachubuka, lakini alikuwa amechelewa. Kwa Mcha peke yake walikufa watoto wanne.

Wakamjia wote mlangoni. Aliyetangulia ni kaka yake.

"Umetuulia watoto, Mize!"

Mize hakujitetea. Aliwaambia, "Kila nyumba inipe punje moja. Nijigawe, tufagie wawili, asife mtoto tena." Wakakubali wote, wakashikana na mikono. Kisha kila mmoja akarudi kwake akisema moyoni kwamba watatoa wengine. Mize aliweka bakuli mlangoni msimu mzima wa vumbi. Halikuingia kitu.

Mcha alirudi siku moja, aibu imemshika, akaomba afundishwe kufua ufagio. Dada yake alimwonyesha mara tatu, na mara tatu akasahau, kwa sababu mahali pa kuuweka ujuzi ule palikuwa pameshatupwa. Alilia. Naamini alilia kweli. Halafu akaenda zake nyumbani.

Mize akajinyima mwenyewe. Alijinyima miaka, punje kwa punje, mpaka chuma kikatimia. Ndipo akajiuliza swali ambalo namwonea huruma nalo hadi leo. Alitaka mwanawe awe mwepesi kama watoto wa wenzake, mikono mitupu, asimtumikie mtu. Lakini yeye mwenyewe alikuwa amezeeka. Akifa, nani angemfagilia huyo mtoto? Akafanya alichoapa hatakifanya. Alijigawa, na katika nusu ya mwanawe akatia ufagio.

"Mbona wenzangu hawana?" mtoto aliuliza alipofumbua macho.

"Nisamehe, mama," Mize alisema. Akamshika mkono akamwonyesha pa kuanzia.

Na tangu siku hiyo ndivyo ilivyo huko kwenye maji ya buluu. Wadogo ni wengi kupita hesabu yoyote, wamejipunguza mpaka hawana cha kupunguza tena, na wanajisifu kwamba njaa haiwawezi. Ni kweli haiwawezi. Lakini mchukue mmoja wao, mweke peke yake katika bakuli la maji yale yale, uliache juani. Alasiri haimkuti. Katikati yao wanapita wachache, wakubwa kidogo, wenye njaa, wanaochelewa kuzaa, nao ni kizazi cha Mize. Wale wengine huwasogelea, kwa sababu maji yaliyo karibu nao ndiyo yasiyounguza. Huwasogelea wakagusana nao mabega, na hakuna anayewaamkia.