Mbeleko Tatu na Mgongo Mmoja wa Mama Fisi

Hadithi iko mlangoni!

Ifungulieni iingie!

Imebeba nini?

Imebeba mtoto!

Na mgongo wake je?

Unauma!

Basi sogeeni, ipate pa kukaa.

Hapo zamani za kale, zamani zile wanyama walipokuwa wakivaa kanga na kusutana kama tunavyosutana sisi, Mama Fisi alikuwa amechutama nje ya pango lake akisugua sufuria kwa majivu. Masizi ya juzi yalikuwa chini, ya jana yalikuwa juu yake. Alikuwa amesugua nusu. Nusu ya pili alikuwa akiitazama tu, maana mgongo ulikuwa umekataa kuinama zaidi.

"Mimi ni mnyama wa ajabu," alijiambia. "Taya langu linavunja mfupa wa nyati, halafu nashindwa na sufuria."

Pembeni, juu ya gunia, binti yake Sikitu alikuwa amelala chali akinyonya ukucha. Sikitu alikuwa na miezi tisa na uzito wa jiwe la kusagia. Alikuwa hatambai. Atambae kwa nini, na mama yupo?

"Hodi! Hodi hapo, jirani!"

Alikuwa Mama Ngiri, anayekaa upande wa pili wa kichuguu. Aliingia mbio, mkia juu, na watoto wake sita wakaingia nyuma yake kwa mstari, mikia juu.

"Jirani, acha sufuria. Bwawa limekauka! Asubuhi tumekuta tope na vyura wawili wanagombana. Leo leo tunahama."

"Tunahama wapi?"

"Kilima cha Mnavu. Kobe ametangulia, ametujengea boma la miiba. Jua likizama anahesabu vichwa, anafunga mlango. Atakayebaki nje atalala na simba."

"Na Baba Sikitu yuko wapi?"

"Mume wako, unaniuliza mimi?"

Baba Sikitu alikuwa ameondoka Jumanne kufuata harufu. Hakusema harufu ya nini.

Mama Fisi akakitazama kilima. Kilikuwa mbali, ng'ambo ya mto uliokauka. Akamtazama Sikitu. Sikitu akamtazama yeye, akainua mikono abebwe.

"Na huyu utambebaje," Mama Ngiri akauliza, "na mgongo wako huo?"

"Mgongo wangu unakuhusu nini?"

Maneno hayo hayakuwa mapya, jamani. Miezi mitatu nyuma, walipokuwa bwawani, Mama Ngiri alimwambia, "Jirani, mtoto unamfunga chini mno. Utavunja mgongo." Alisema mbele ya Twiga. Alisema mbele ya Mbega. Alisema mbele ya vyura. Mama Fisi usiku ule hakulala. Kulipokucha akaenda sokoni, akapekua kanga moja moja mpaka akaipata ya kumjibu. Ilikuwa nyekundu, na maandishi yake meusi yalisema: MGONGO WANGU UNAKUHUSU NINI.

Sasa, kanga mnazijua. Maandishi yake hukaa karibu na ukingo wa chini. Ukimfunga mtoto juu, nguo ikamshika vizuri mpaka magotini, maneno yanajikunja chini ya makalio yake na hakuna atakayeyasoma. Ukimfunga chini, akaning'inia kiunoni kama mzigo wa kuni, maneno yanabaki wazi.

Mama Fisi akafunga chini. Chini kuliko mwanzo. Kila Mama Ngiri alipopita, alimgeuzia mgongo ili asome vizuri. Mama Ngiri alitazama, akatabasamu, akapita.

"Amesoma," Mama Fisi alijisemea. "Limemchoma!"

Na yeye kiuno kikamchoma.

Kilipozidi kumchoma, mnadhani alibadili namna ya kufunga? Hakubadili. Alitafuta mbeleko nyingine. Akaomba moja kwa Twiga, kwa sababu Twiga ni mrembo. Akaomba nyingine kwa Mbega, kwa sababu Mbega hujisifu kwamba vitu vyake ni vya kisasa. Basi akawa na mbeleko tatu, na mgongo mmoja tu, tena mbovu.

Siku hiyo akaanza na ya Twiga. Ilikuwa ya bega moja, ina shanga, inameremeta.

"Nikufungie mimi?" Mama Ngiri akamuuliza.

"Tangulieni. Tutakutana njiani."

Wakatangulia, mikia juu. Mama Fisi akaweka sufuria kichwani, mbeleko nyingine mbili ndani yake, akamtia Sikitu kwenye mbeleko ya Twiga, akaondoka. Lakini mbeleko ya Twiga ilikatwa kwa kipimo cha Twiga. Sikitu akashuka, akashuka, mpaka akawa anamgonga mama yake magoti. Bega moja likainama, jingine likapanda. Mama Fisi akatembea upande upande kama kaa. Akaimba, nanyi mwitikie:

*Mgongo wangu, tulia!*
*Tulia!*
*Kilima kile, sogea!*
*Sogea!*
*Mtoto huyu ni jiwe!*
*Ni jiwe!*
*Nani atanipokea?*

Hakuna aliyempokea. Alipofika kwenye mti wa mkwaju, akakaa chini. "Nimevaa shanga ili nipendeze," alisema. "Napendeza kwa nani hapa? Kwa siafu?" Akaivua ile mbeleko.

Akachukua ya Mbega. Ilikuwa ya kifuani, ina vifungo saba na kamba nyembamba. Mama Ngiri alikuwa amesimama mbele kidogo, anawahesabu watoto.

"Jirani, kamba hizo ni nyembamba. Nikufungie mimi?"

"Ina vifungo saba," Mama Fisi akajibu. "Kitu chenye vifungo saba hakiwezi kuwa kibaya."

Akafunga sita. Cha saba hakukiona kinapoingia. Akaondoka na Sikitu kifuani, anamvuta masharubu. Mbeleko ilimvuta mbele, sufuria ikamvuta nyuma, kamba zikamkata mabegani kama waya. Na mbaya zaidi, hakuona miguu yake. Akaimba:

*Mgongo wangu, tulia!*
*Tulia!*
*Kilima kile, sogea!*
*Sogea!*
*Mtoto huyu ni jiwe!*
*Ni jiwe!*
*Nani...*

Akaingia kwenye shimo la muhanga. Puu! Sufuria ikaviringika. Sikitu hakuumia, maana aliangukia kitu laini: mama yake. Akacheka, akaomba waanguke tena.

"Nimeamini vifungo saba," Mama Fisi alisema kutoka shimoni, "na cha saba kimenishinda. Haya."

Ikabaki kanga. Jua lilikuwa limeshaanza kushuka, na kilima bado kilikuwa mbali. Akaikunja kanga mara mbili kama kawaida yake, akamfunga Sikitu kiunoni kama kawaida yake. Mbele aliona mikia saba imesimama juu ya majani. Akahakikisha maandishi yako wazi, asije Mama Ngiri akageuka akakosa kusoma.

Mama Ngiri akageuka kweli. "Jirani!" akaita kutoka mbali. "Nikufungie mimi?"

Mama Fisi hakujibu. Kanga ilikuwa ikijibu.

Akatembea. Kila hatua, Sikitu akashuka kidogo. Kila hatua, kiuno kikashuka naye. Safari hii hakuimba, pumzi haikutosha. Alipofika katikati ya mto mkavu, mgongo ukasema kaa! Hapo hapo akakaa mchangani, na kuinuka hakuweza. Alijaribu mara ya kwanza, akashindwa. Mara ya pili, akashindwa. Mara ya tatu sufuria ikamwangukia puani.

Jua likawa limebakisha kidogo kugusa kilima. Ng'ambo aliona mikia saba inapanda, inapanda, inaingia bomani. Upande mwingine, mbali, simba akakohoa.

Sikitu akaficha uso mgongoni kwa mama yake. Mtoto wa fisi anajua kikohozi kile.

"Mwanangu," Mama Fisi akasema, "mama yako ana mbeleko tatu. Kama zingekuwa na miguu, tungekuwa tumefika."

Mara akasikia mchanga unalia. Ukwato, ukwato. Mkia mmoja, juu, unarudi mbio.

"Nimehesabu," Mama Ngiri akasema, anahema. "Wangu sita wapo. Wewe hupo. Nikufungie mimi?"

Mama Fisi akafungua kinywa. Jibu lilikuwa tayari ulimini, na tena alikuwa amelivaa. Akalitazama jua. Akamtazama Sikitu. Simba akakohoa tena, karibu zaidi.

"Nifungie," akasema. Neno hilo lilikuwa zito kuliko Sikitu.

Mama Ngiri akafungua kanga, akaikunjua. "Kumbe ni doti nzima! Hukuikata?"

"Nilikuwa nataka kuikata na kuipinda. Uvivu."

"Leo uvivu wako umekufaa. Inama kidogo. Hapo, tosha."

Akampandisha Sikitu juu, juu kabisa, mpaka pumzi yake ikawa shingoni kwa mama yake. Akamtanua miguu kama chura, magoti juu, makalio chini. Akatandaza nguo kutoka mgongoni kwa mtoto mpaka nyuma ya magoti yake, bila kukunja. Ncha moja akaipitisha bega hili, ya pili bega lile, akazitandaza zikawa pana kama majani ya mgomba. Akazipishanisha kifuani, akazirudisha nyuma chini ya makalio ya mtoto, akazileta mbele, akakaza, akafunga.

"Inuka."

Mama Fisi akainuka. Akangoja maumivu. Yalikuja, lakini yalikuja yale ya zamani tu, anayofahamiana nayo. Mapya hayakuja.

"Jirani," Mama Ngiri akasema wakiwa wanapanda, yeye amebeba sufuria, "kanga yako hii nzuri sana. Kila siku naitazama. Haya maandishi yanasemaje?"

Mama Fisi akasimama. "Hujui?"

"Nijulie wapi? Shule mimi nilipita nje, nikichimba mizizi."

Miezi mitatu! Miezi mitatu amefunga mtoto chini ili maneno yasomwe na asiyejua kusoma! Kicheko kikamtoka Mama Fisi kabla hajakizuia. Kilianzia tumboni, kikapanda, kikapasuka. Akacheka mpaka Sikitu akarukaruka mgongoni. Simba kule chini akasimama, akajiuliza ni kitu gani hicho, akaghairi.

"Mbona unacheka? Yanasemaje?"

"Yanasema... 'Karibu, jirani mwema,'" Mama Fisi akadanganya.

"Lo! Ndiyo maana kila nikipita unanigeuzia!" Mama Ngiri machozi yakamlenga. "Na mimi nilidhani una maringo."

Wakaingia bomani jua likiwa limebaki kama ukucha wa Sikitu. Kobe akavuta miiba, akafunga mlango.

Mama Fisi akabandika sufuria, ile iliyosuguliwa nusu. Wakapika maboga ya Mama Ngiri upande mmoja na mifupa ya Mama Fisi upande mwingine. Sikitu akafunguliwa, kanga ikatandikwa chini watoto wakalie. Sasa, binti mkubwa wa Mama Ngiri, Mwasiti, alikuwa anakwenda shule. Akaanza kusoma kwa kidole:

"M-go-ngo. Wa-ngu. U-na..."

Mama Fisi akatua sufuria ya moto juu ya maneno. Pu!

"Sogeza sufuria, jirani," Mama Ngiri akasema polepole. "Mtoto asome."

Sufuria ikasogezwa. Mwasiti akasoma yote. Kobe akaingiza kichwa ndani. Mama Ngiri akatafuna boga lake. Akameza.

"Kumbe lilikuwa swali."

"Lilikuwa swali," Mama Fisi akasema, macho chini. "Nisamehe. Nilikuuliza vibaya."

"Miezi mitatu umeuliza, maskini, na mimi sijajibu. Basi jibu ndilo hili: unanihusu, kwa sababu ukilala wewe, hili jiwe lako nitalibeba mimi!"

Mama Fisi ndiye aliyecheka wa kwanza.

Kobe akatoa kichwa, akahesabu. "Ngiri mama, yupo. Watoto sita, wapo. Twiga, kichwa nakiona. Mbega, yupo, na vifungo vyake. Mama Fisi, yupo. Sikitu, yupo, amekalia boga la mwenzake. Baba Sikitu?"

Mama Fisi akafunua sufuria, harufu ya mifupa ikatoka.

"Nipo!" sauti ikaitika nje ya miiba. "Nifungulieni! Nimeifuata tangu Jumanne!"

Akafunguliwa, akahesabiwa, akapewa sahani, na baada ya sahani akapewa nusu ya pili ya sufuria aisugue.

Tangu siku ile nyuma ya fisi imeinama, maana ile miezi mitatu haikufutika. Na mkimsikia anacheka porini msiogope, wala msidhani anawacheka ninyi. Amekumbuka kanga. Anajicheka mwenyewe.

Funzo lake ni hili: unayebeba mtoto, chagua mbeleko inayoufaa mgongo wako, pana mabegani, mtoto juu, na imefungwa ikakaza. Usichague ya kuonwa na jirani. Na jirani akikuuliza, "Nikufungie?" sema, "Nifungie."

Hadithi yangu nimeitua. Anayeitaka?

Aibebe!

Ila?

Aifunge juu!