Mate ya Fisi na Jino la Kushikiza

"Nipisheni na ngano!"

"Pita, tumekaa!"

Alikuwapo Mama Pelele, yule mnyama mdogo wa miambani, mganga wa meno, kimo chake hakifiki goti la mbuzi. Siku hiyo alikuwa na hasira, hasira ya kweli, kwa sababu Fisi alilala mbele yake kinywa wazi, na kwa ukucha wake amembana Tabu, mtoto wa mwisho wa Mama Pelele.

Fisi alivunja chonge akiguguna pembe ya nyati ambayo hata nzi walishaiacha. Sasa alitaka jino jipya, tena leo. Mama Pelele akamweleza kwamba ya leo ni sementi ya muda tu, ya kushikiza. Ya kudumu ni kesho. Fisi akasema kesho ni ya wajinga. Jino likishika, atalijaribu kwa Tabu.

Jamani! Unamtibu mtu, na shukrani yake ni kumla mwanao! Mama Pelele alitetemeka kwa hasira mpaka pamba ikamdondoka. Akachukua nyingine. Akakausha kisiki cha jino, fyu, fyu, akapaka sementi, akavika jino la mfupa, akakandamiza.

"Bwana mkubwa," akasema, "sementi hii ikiwa mbichi haitaki maji. Ikilowa mate inakuwa uji. Kaa kinywa wazi, na usiwaze chakula."

Fisi akaitikia kwamba hawazi.

"Vizuri. Maana Tabu amenona. Paja lake ukilibanika linachuruzika mafuta."

Mate yakaanza: do, do, do.

"Usiwaze, bwana mkubwa. Wala usiwaze ini lake."

Do, do, do, do.

"Wala supu ya mifupa yake."

Chururuuu! Kila neno lilimchoma Mama Pelele, kumsifia mwanawe kama nyama ya buchani, lakini aliyasema yote.

Fisi hakuuliza kama jino limekauka. Akamvuta Tabu, akauma. Kwachu! Jino likang'oka, likanasa kwenye manyoya ya Tabu. Upepo ukapenya kwenye kisiki kitupu, Fisi akaanguka chali akilia uuuwi, uuuwi. Pelele wawili wakachomoka, wakaingia kwenye ufa wa mwamba.

"We mama!" Fisi akafoka. "Jino lako bovu!"

"Nilikwambia usiwaze chakula," sauti ikajibu kutoka ndani. "Njoo kesho."

Funzo lake, wanangu: mwenye nguvu akikuonea, usimkasirikie. Mhudumie kwa upole, umweleze ukweli mtupu.

Ngano naitua hapa. Mwenye meno aitafune.