Ngoma Iliyorudi Mlangoni

Sogeeni karibu, akina mama, na wale wanaonong'ona kule nyuma wanyamaze kidogo, maana haya yanawahusu wao kuliko wote.

Palikuwa na mama mmoja mjane katika mji mmoja wa pwani. Mji siutaji, msije mkaanza kupiga simu kuulizia. Mama huyo alikuwa na binti mmoja tu, roho yake yote iko pale. Binti kaposwa, posa imejibiwa, mwali kawekwa ndani anasingwa mwili ung'ae, harusi ni Ijumaa inayokuja. Masufuria yameshaazimwa, mikeka imeshaanikwa. Mama anatembea mtaani kama kaolewa yeye.

Jumatatu asubuhi mshenga akabisha hodi. Hakukaa. Alisimama barazani, kofia mkononi, macho chini.

"Bibi, wenzetu wanasema tusimame kidogo. Kuna jambo wamelisikia."

"Jambo gani?"

"Mimi natumwa tu, bibi. Siwezi kulitamka mbele ya mama mtu."

Akaenda zake. Nyie niambieni, mtu akikuachia maneno kama hayo mlangoni, chai itapita kooni?

Adhuhuri haijafika, wifi yake huyo, anahema, mtandio begani. "Wifi, wewe umekaa unachagua mchele na mji unawaka moto! Wanasema mwali ana mimba ya miezi mitano. Na mwenye mimba yake ni dereva wa malori ya mchanga!"

Mama akakaa chini pu! Akaukalia ungo wa mchele wala asijue. Kisha akainuka mbio hadi chumbani kwa binti. Mtoto kalala zake, kapakwa msio wa manjano uso na mikono, tumbo bapa kama chapati. Na mama akalitazama lile tumbo. Mmenisikia? Mama mzazi, aliyemlea mwenyewe, akalitazama tumbo!

"Mama, unaangalia nini?"

"Hakuna kitu, mwanangu. Lala."

Tangu saa ile, utulivu ukamhama. Akipika, anaunguza. Akiswali, akisujudu tu, zinamjia nyuso za majirani moja moja: ni yule mwenye jicho la husuda? Ni yule niliyemnyima chetezo cha kufukizia udi siku ile? Alfajiri akainua mikono akaomba dua, na dua yenyewe mtashtuka: "Ee Mola, mdomo uliolitoa neno hili uoze! Usionje raha!" Na kila aliyemwambia atulie alimjibu vilevile: "Nikimpata tu aliyelisema, moyo wangu utatulia."

Basi akawaita wale akina mama wa kusuta.

Kusuta mnakujua, msijifanye watoto wa jana. Neno halikisiwi, linafuatwa. Mnatoka na ngoma na kanga za sare, mnaanza kwa aliyelileta, mnamuuliza nani kakwambia. Akimtaja, naye anaungana na msafara hadi kwa aliyetajwa. Mlango kwa mlango, mpaka mnamfikia asiyekuwa na wa kumtaja. Huyo sasa ndiye mwenyewe. Anatolewa nje, anawekwa katikati, anaimbiwa usoni mpaka atamani ardhi ipasuke.

Wimbo alitunga mama mwenyewe. Alikaa nao siku nzima, akaupika ukapikika: "Mdomo wako jalala, kila uchafu watupwa, umemvua mwana nguo, mwana asiye na kosa." Kiongozi wa ngoma, mama mnene wa sauti nzito, alipousikia akashika kifua. "Mama bi harusi, huu ni mkali! Mtu akiimbiwa huu atahama mji."

"Ahame," mama akasema. "Nautaka mkali hivyohivyo."

Jumatano baada ya swala ya alasiri ngoma ikatoka. Mama mbele, kiuno kakifunga, na wifi kashikwa mkono.

"Nani kakwambia?"

"Muuza vitumbua."

Haya, kwa muuza vitumbua. Yule bibi alitoka na upawa mkononi, mafuta yanamchuruzika. "Miezi mitano? Mimi sikutaja mwezi! Na dereva wa malori katoka wapi? Nilisema ana mimba, basi, nikarudi kwenye vitumbua vyangu."

Wote wakamgeukia wifi. Wifi akaanza kuchunguza kucha zake.

"Na wewe nani kakwambia?"

"Msusi."

Haya, kwa msusi. Pale palikuwa na mteja kasukwa nusu kichwa, nusu imesimama kama ufagio. Msusi akaruka. "Ana mimba? Astaghafirullahi! Mimi nilisema mama mtu ana wasiwasi na mwali wake, *huenda* ana mimba. Huenda, shoga! Nilitia huenda! Wewe ndiye uliyeitoa!"

"Mimi niliisahau tu," akasema muuza vitumbua.

Watu wakaangua kicheko, hata mteja wa nusu kichwa akatoka kufuata msafara. Lakini mama hakucheka. Kila mlango neno lilikuwa linapungua. Dereva kaondoka, miezi imeondoka, mimba yenyewe sasa ni huenda. Ilimpasa afurahi, sivyo? Badala yake akawa anajiuliza. Mama mtu ana wasiwasi? Nani kasema nina wasiwasi? Wasiwasi huo nilimwambia nani?

"Nani kakwambia?" akamuuliza msusi, na safari hii sauti ilikuwa ndogo.

"Mama wa genge."

Mama wa genge alikuwa anapanga nyanya mafungu mafungu. Alipoiona ngoma inakuja akajifuta mikono kwenye kanga, akasimama, akamwangalia mama peke yake kama vile wengine hawapo.

"Dada yangu, nakuomba tuingie ndani."

"Sema hapahapa! Mwanangu kavuliwa nguo hadharani, nawe utasema hadharani!"

"Dada, kwa ajili yako nakuomba."

"Nani kakwambia?"

Yule mama akashusha pumzi. "Wewe."

Ngoma ikakatika. Mtu mmoja akasema, "Eti?"

"Jumamosi ulikuja kununua bamia. Nikakuuliza, mwali hajambo? Ukasema, mwali gani yule, analala mpaka jua la utosi, utadhani ana mimba! Tukacheka. Wewe ulicheka kuliko sisi sote. Jioni nikamhadithia msusi ulivyosema. Huo ni ukweli wangu, na kama nimekosa nisamehe."

Mama yangu weee! Nani alijua pa kutazama? Mama akafungua mdomo amkane, akakumbuka. Alizikumbuka hata bamia zenyewe, zilikuwa changa. Alikumbuka jinsi alivyogeuka kuangalia kama waliokaa kwenye benchi nao wamesikia mzaha wake, maana mzaha mtamu unataka watu. Akaikumbuka na dua yake ya alfajiri. Mdomo uoze. Akajishika mdomo kwa mikono miwili.

Kiongozi wa ngoma akamsogelea, akamnong'oneza. "Mama bi harusi, mimi sijapata kuona hili tangu nizaliwe. Tuvunje msafara, kila mtu ashike njia yake?"

Mama akatikisa kichwa. "Twendeni mlango wa mwisho."

Wakaenda. Hakuna aliyepiga, hakuna aliyeimba, kanga za sare zinapepea tu kama za msibani. Wakafika nyumbani kwa mama, wakajaa uwanja. Na yule mwali, ambaye haruhusiwi kutoka, kusikia nyayo akasogeza pazia la dirisha. Uso wa njano, macho yamevimba kwa kilio, maana neno lilishamfikia.

"Mama! Mmempata?"

"Tumempata."

"Ni nani? Nimwone!"

Mama akapanda kizingiti cha nyumba yake mwenyewe, akawageukia watu, akavua mtandio wa kichwani, akauachia begani.

Kiongozi wa ngoma jasho linamtoka. "Tupige, tusipige?"

"Pigeni."

Wakapiga. Waliimba kwa aibu mwanzoni, kisha ule wimbo ukawabeba, maana ulitungwa vizuri jamani, ule. Mdomo wako jalala. Mama alisimama akausikia wote, kila neno alilichagua yeye, na kila neno lilimwenea kama gauni la kupimwa. Binti dirishani aliziba masikio, kisha akayazibua.

Ulipokwisha, watu walitegemea mama aanguke. Hakuanguka. Alishuka, akaenda dirishani, akasema, "Mwanangu, aliyelisema ni mimi. Nilikutania mbele ya watu ili niwachekeshe." Binti akapitisha mkono kwenye nondo za dirisha, mkono wa njano wote, akamrudishia mtandio kichwani.

Na mama akaondoka hapohapo kwa miguu kwenda kwa wakwe, yeye na wale wote aliowakokota mlango kwa mlango, akawaambia kwa kinywa chake lilikoanzia. Waliomwona njiani wanasema alikuwa na uso mkunjufu, wa mtu aliyelala usingizi wa kutosha. Wakwe walikuwa hawajajibu lolote! Hajui harusi ipo au haipo, na utulivu ameshaupata. Mnaliona hilo? Alisema akimpata mwenye kosa moyo utatulia, na kweli alimpata na kweli ukatulia. Ila alizunguka mji mzima na ngoma kumtafuta mtu aliyekuwa amevaa viatu vyake.

Na sisi je? Mangapi yanatunyima raha, nasi tumeshapanga wa kulaumiwa, wimbo tumeshautunga, bado ngoma tu? Mume kanuna, ni mama yake. Mtoto hasemi nasi, ni shule. Jirani hatuitikii salamu, ni husuda. Hatusemi kwamba wengine hawana makosa. Wifi alitia miezi, muuza vitumbua alitoa huenda, nao watajibu kwa Mola wao. Lakini kabla hatujafunga viuno, tukae kitako dakika chache bila redio, tujiulize kama mama alivyomuuliza msusi: nani kakwambia? Tuulize mpaka mlango wa mwisho, hata ukifanana na wa kwetu. Na tukiukuta wa kwetu, tusivunje msafara.

Haya. Sasa naona mmenikodolea macho, shingo ndefu kama twiga. Mnataka kujua kama harusi ilikuwepo. Wakwe walijibuje, na yule dereva wa malori ni kweli hayupo? Angalieni mnavyosogea! Mbona wakati wa mafunzo hamkusogea hivi?

Sitasema. Atakayeshindwa kulala kwa ajili hiyo, ajiulize kwanza anataka kujua ili akamwambie nani.