Boga la Muhula wa Vuli

Hapo zamani, si zamani mno, maana shule zilikuwapo na watoto walikuwa wakichelewa kama wanavyochelewa leo, palikuwa na shule ndogo milimani Upare. Anayetaka kusinzia asinzie sasa, kwa sababu mwishoni nina swali.

Shule ilikuwa ndogo hata darasa la tatu na la nne wakasoma chumba kimoja. Kengele yake ilikuwa rimu ya lori iliyotundikwa mtini, ikigongwa kwa kipande cha nondo. Kila muhula wa vuli wanafunzi walilima bustani ya shule watatu watatu. Kikundi kilichotoa zao kubwa kuliko yote ndicho kilichomtoa mpiga kengele wa mwaka unaofuata, naye alianza kazi siku ile ile, kwa kugonga kengele ya kufunga shule. Mpiga kengele alikuwa mmoja tu. "Wakipiga watatu," alisema Mwalimu Namsifu, "kijiji kitadhani kuna moto."

Nakijwa aliitaka kengele hiyo kuliko viatu. Bibi yake, aliyemlea, hakuwa akiona tena. Siku yake nzima aliipima kwa kengele ya shule kutoka ng'ambo ya bonde: ikilia ya kwanza alitoka kuota jua, ikilia ya mwisho alijua mjukuu yuko njiani.

"Bibi, ipo siku utakayemsikia ni mimi."

"Nitaujua mkono wako," alisema bibi, akampa mbegu ya boga.

Nakijwa akaipanda. Mvua zikachelewa. Wenzake waliponawa mikono, yeye aliyakinga maji yale akamwagilia. Asubuhi akamwagilia, jioni akamwagilia. Mche ukaota, ukatambaa, ukaingia matuta ya watu bila hodi. Kisha mvua ikaja, nayo haikuwa na simile, nyuki wakajifungia. Maua yakachanua, viboga vikatokeza, vikanyauka, vikaanguka. Vikatokeza vingine, vikanyauka, vikaanguka. Nakijwa akalia, akashika jembe.

"Nang'oa. Tupande maharage, tusikose vyote."

"Using'oe," alisema Senzota, mwenzake wa tuta.

Huyu Senzota alikuwa mtoto wa kukaa dirishani na kutazama nje. Jembe hakuwahi kulishika hata kwa bahati mbaya. Lakini somo la chavua alilisikia. Kesho yake asubuhi akachuma ua dume, akalisugua ndani ya ua jike, akalifunika ua jike kwa jani la mgomba mvua isiingie. Darasa likacheka, likamwita mshenga wa maua. Kiboga kile hakikuanguka. Ukipenda boga penda na ua lake, na Senzota alianzia kwenye ua.

Wa tatu wao alikuwa Mbonea, mwenye nguvu za watu wawili. Kazi yake ilikuwa kuchimba mtaro upande wa juu wa tuta, wa kuyapisha maji pembeni. Hakuuchimba, alikwenda kucheza mpira. Jumamosi moja mvua kubwa ikashuka mlimani. Mbonea alikuwa kwao akiota moto alipoukumbuka mtaro. Akakimbia. Akachimba, akapanga mawe, akachimba, akapanga mawe, hadi viganja vikatoka damu. Jumatatu matuta ya wenzao yalikuwa bondeni. Boga lao lilikuwa pale pale, limekalia mawe kama mgeni wa heshima.

Siku ya kufunga shule ilipofika, Nakijwa alimwambia bibi yake, "Leo sikiliza vizuri."

Boga likabebwa na watu wawili. Sufuria ya kulipikia ilikwisha kuchemka. Mwalimu Namsifu akaiweka nondo juu ya boga, akasema, "Kubwa kuliko hili hakuna. Haya, kila mmoja wenu watatu aseme kwa nini kengele aipige yeye."

Mbonea akasema, "Bila mimi lingekuwa mtoni. Mtaro nilikosea, kweli. Lakini kosa langu nimelilipa kwa mikono hii."

Senzota akasema, "Bila mimi pasingekuwa na boga la kusombwa. Nilifanya kazi asubuhi moja, sikatai. Ila hawa wenzangu walikuwa wakitunza majani."

Nakijwa akasema, "Bila mimi hata jani lisingekuwapo. Nilitaka kuling'oa, ndiyo. Lakini anayechoka si ndiye aliyefanya kazi?"

Habari ya bibi hakuitaja. Aliona haya kuomba kwa macho ya mtu mwingine.

Mwalimu Namsifu akaichukua nondo, akawatazama mmoja mmoja, akairudisha juu ya boga. Watoto wote wakaitazama.

Na ng'ambo ya bonde bibi amekaa juani, ametega sikio. Pale shuleni hakuna aliyejua hilo ila Nakijwa. Ninyi mnajua, kwa sababu mimi nimewaambia. Sijui kama nimefanya vizuri.

Basi nondo hii hapa, naiweka mikononi mwenu. Je, nani alistahili kuishika?