Nzi Aliyekuja na Chumvi

Chaka, chaka, chaka. Umeme ulikuwa umekatika kabla ugali haujasongwa, na katika giza la jikoni kilichosikika ni chupa tu, punje za mahindi na chumvi vikigongana ndani yake. Kalista, mtoto wa miaka saba, alikuwa amepewa aitikise ili mikono yake ipate kazi. Mama yake, Tarsila, alikuwa akipukuchua mahindi kwa kupapasa. Mahindi yale aliyakagua mchana akasema yamekauka, kesho yanaingia ghalani. Chupa, yenye punje za mahindi hayo hayo, ilikuwa desturi tu.

Ezelina, dada mkubwa, alikuwa amelikumbatia daftari lake. Bibi Redegunda alikuwa amemwomba awasomee insha yake ya shule kabla taa hazijazimika, naye akakataa.

"Sisomi, Bibi. Nikisoma wataniiga. Na wasioniiga watanicheka."

"Chungu wazi huita nzi, huita na mwenye chumvi," Bibi akasema.

"Ndiyo nini hiyo?"

"Hujaisikia? Imezaliwa hapa hapa Lutenge, wala haijazeeka. Mama yako alikuwepo."

Tarsila alicheka kidogo gizani.

"Basi tuambie," Ezelina akasema.

Methali hiyo, kama Bibi alivyoieleza jioni ile, ilianza hivi.

Lutenge ni kijiji cha mahindi, upande wa Iringa, mahali ambapo ukungu wa asubuhi hukawia kuondoka kama mgeni aliyeahidiwa chai. Wenyeji wana mbegu yao ya tangu zamani, punje zake kubwa na ngumu kama meno ya ng'ombe. Wakulima wa kikundi cha Tuinuane walikuwa na ghala moja la pamoja, na kila mtu alijua kwamba gunia moja bichi huozesha jirani zake. Kwa hiyo ghala lilikuwa na mng'ataji, mtu wa kupima ukavu wa mahindi kwa meno. Mkulima akileta mahindi, mng'ataji alichukua punje chache, akaingia ghalani, akafunga mlango, akang'ata peke yake. Mlango ulifungwa ili mwenye mahindi asije akamkodolea macho au kumkumbusha undugu. Akitoka akisema "yaingie," yaliingia. Akisema "yarudi juani," yalirudi. Hakuna aliyeuliza.

Kazi hiyo aliifanya Redegunda mpaka meno yakamwishia, ndipo funguo zikapita kwa binti yake. Tarsila wakati huo alikuwa na Ezelina wa miaka mitano, na jioni alikuwa akisoma masomo ya watu wazima katika shule ya kata. Msimu wa kwanza ulikwenda vizuri. Msimu wa pili, magunia kumi na tisa yalishika kuvu. Mnunuzi alipasua gunia, akanusa, akamwashiria dereva wake, na lori likageuza likiwa tupu.

Hakuna aliyemtukana Tarsila. Hilo ndilo lililomuuma. Watu walimsalimu "kamwene" kama kawaida, kisha maongezi yakaishia hapo. Mwenyekiti wa kikundi, Mzee Lusiano Mgimba, alimwita pembeni akamwambia kwa upole, "Mwanangu, msimu mmoja zaidi. Ukiharibika huu, funguo tutampa mwingine."

Katika masomo ya jioni Tarsila alikuwa akikaa dawati moja na Yustina Kyando. Yustina na kaka yake Otmari walikuwa na karakana ndogo mjini, nyuma ya duka la kutengeneza redio, na hapo walikuwa wametengeneza kipima unyevu. Kwa umbo kilikuwa kopo la bati lenye mabamba mawili ndani na kioo kidogo cha namba. Ukijaza mahindi, kinakwambia kiasi cha maji kilichobaki katika punje. Kazi ilikuwa inakua kuliko mfuko wao, wakaamua kukifanya kikampuni na kutafuta watu wa kununua hisa.

Kikundi cha Tuinuane kilikuwa na akiba iliyowekwa kwa ajili ya bati jipya la ghala. Tarsila alilipeleka suala hilo kwenye mkutano. Alijua anachokiweka rehani. Kama kitu hicho nacho kingekuwa bure, hakuna ambaye angengoja msimu uishe.

Siku ya mkutano ndugu wale wawili walifika kwa pikipiki, vumbi mpaka kwenye kope. Watu walikaa kwenye magunia mbele ya ghala. Otmari alieleza, akaonyesha, akajibu maswali. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri mpaka mtu mmoja akauliza: je, mtu akikiiga?

"Aige tu," Otmari akasema. "Michoro yote tumeiweka wazi kwenye mtandao. Mtu yeyote anaweza kuichukua, akatengeneza chake, hata akakiuza. Tunachoomba ni kwamba akikirekebisha, naye asifiche."

Mkutano ulicheka. Mzee Mgimba hakucheka.

"Kijana," akasema, "shamba lako hulizungushii uzio, halafu unataka mimi nikununulie jembe?"

"Mzee, watu wakiwa wengi—"

"Ngoja. Sisi hapa tunasema, chungu wazi huita nzi." Akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa kitu kilichofungwa kwa gazeti, akakifungua taratibu. Kilikuwa kipima unyevu, kopo lile lile, kioo kile kile, ila hakikuwa na jina. "Nimekinunua sokoni juzi. Nusu ya bei ya chako. Nzi wameshafika, mwanangu. Wameshakula."

Otmari alikitazama juu mpaka chini. Yustina aliinamisha uso. Tarsila alizipapasa funguo zilizofungwa kwenye pindo la khanga yake, akaziona zimekuwa nyepesi, kama vitu ambavyo si vyake tena.

Ndipo Redegunda akasema kutoka nyuma, "Si tuvipime kwanza vyote viwili? Mimi meno sina, ila chupa yangu ninayo."

Chupa hiyo ilikuwa mbinu ya wazee. Unatia chumvi kavu na punje kwenye chupa kavu, unatikisa, unaacha kidogo. Chumvi ikiteleza, mahindi yamekauka. Ikishika kwenye kioo, bado yana maji. Ghalani haikuwa ikitumika, maana ghala lilikuwa na mng'ataji wake.

Gunia lililokuwa karibu lilikuwa la Mzee Mgimba mwenyewe. "Pimeni hilo," akasema. "Nimeyaanika siku tisa. Hata kuku wanayaogopa."

Tarsila alichota punje, akaanza kuelekea mlango wa ghala kama alivyozoea.

"Dada, unakwenda wapi?" Otmari akamuuliza.

"Kuyang'ata."

"Si uyang'ate hapa hapa?"

Watu walitazamana. Tarsila alisimama, miguu haijui iende wapi, kisha akang'ata mbele yao wote. Kach!

"Makavu," akasema.

Kipima cha Otmari kikajazwa. Namba ikaja: kumi na tatu.

"Makavu," Otmari naye akasema.

Kikajazwa kile cha sokoni. Kumi na saba, yaani bado yana maji.

Hapo kicheko kikalipuka. "Cha bei nusu kina akili nusu!" mmoja akapaza sauti. Mzee Mgimba mwenyewe alikuwa anajifuta machozi. Redegunda hakuwajali. Aliitikisa chupa yake, akaiweka chini, akatema mate pembeni, akaiokota tena na kumpa mtu wa karibu. Chupa ikapita mkono kwa mkono, na kila mkono ulioipokea uliacha kucheka. Chumvi ilikuwa imeshika kwenye kioo kote, nyeupe, kama umande ulioganda kwa baridi ya Juni juu ya majani.

Mwenye chungu alikuwa amekosea. Mng'ataji alikuwa amekosea. Nzi ndiye aliyesema kweli.

"Siku tisa!" Mzee Mgimba akalalamika.

"Siku tisa za ukungu, mwenyekiti," Redegunda akamjibu.

Otmari alipiga magoti. "Mzee, niruhusu nikifungue chako." Akatoa bisibisi, akaondoa kopo. Ndani aliona kazi yake mwenyewe, waya kwa waya, hata ule mmoja alioupitisha vibaya kwenye mchoro wa kwanza akaona uvivu kuunyoosha. Kitu kimoja tu hakikuwa chake, nacho kilikuwa kipande cha chuma kizito chini ya kifuniko. Alikipima kwa kiganja, akafikiri, kisha akarudi kwenye kipima chake na kuyakandamiza mahindi kwa mkono. Namba ikapanda. Kumi na nne. Kumi na sita. Kumi na saba.

"Yustina, njoo uone! Punje zao ni kubwa. Zinaacha nafasi, tulikuwa tunapima hewa!"

Yustina alikuwa ameshafungua daftari, anachora. Chini ya kopo la sokoni palikuwa na namba ya simu iliyochorwa kwa msumari. Akaipiga, akaweka sauti kubwa. Akapokea mwanamume mmoja wa upande wa Sumbawanga.

"Sisi ndio tuliochora hicho kipima unyevu," Yustina akamwambia.

"Mnanishtaki?" mtu yule akauliza.

"Hapana. Tunakushukuru. Kile chuma cha kwenye kifuniko."

"Ahaa! Mahindi ya kwetu makubwa, bila kuyakalia hayasemi ukweli. Nilitaka kuwaandikia, nikaona haya, maana nimeshauza vichache." Akakohoa. "Basi kama hamjakasirika, na ule waya wenu mmoja mnauzungusha bure."

Safari hii Otmari ndiye aliyecheka wa kwanza.

"Yaani mnamshukuru mwizi?" Mzee Mgimba akauliza.

"Mzee, asingekichukua, leo ningewauzia uongo, na mimi mwenyewe ningekuwa nauamini."

Tarsila aliyasikia maneno hayo, lakini alichokuwa akikitazama ni mlango wa ghala. Misimu miwili aliufunga. Misimu miwili mama yake alikaa nyumbani na chupa, hatua arobaini tu kutoka pale, bila nafasi ya kumwambia, mwanangu, hapo umekosea. Akasimama.

"Mwenyekiti, uliyosema ni kweli. Chungu wazi huita nzi. Ila huita na mwenye chumvi." Akawageukia watu wote. "Mimi changu nilikifunika. Hakuna nzi aliyeingia, na magunia kumi na tisa yakaoza."

Akafungua pindo la khanga, akaziweka funguo juu ya gunia.

Mzee Mgimba alilitazama gunia lake, akazitazama funguo zilizokaa juu yake. Mwishowe akaziokota, akaenda mpaka kwenye mlango wa ghala, akausukuma ukafunguka mpaka ukagonga ukuta. Akarudi akamkabidhi Tarsila funguo mkononi.

"Utaendelea kupima," akasema. "Ila hapa nje, mbele ya watu, na chupa ya mama yako ikizunguka. Na haya mahindi yangu yarudi juani."

Suala la hisa walilibishania mpaka kivuli cha ghala kikafika barabarani. Mwishowe akiba iligawanywa. Nusu ikanunua bati la upande unaovuja, nusu ikanunua hisa, kwa sharti kwamba kila kipima kipya kije kwanza kujaribiwa kwa mahindi ya Lutenge.

Kikampuni kile hakikutajirika. Vipima visivyo na jina bado vinauzwa sokoni, na vingine ni vya ovyo kweli. Mwaka mwingine wenye hisa hupata kidogo, mwaka mwingine hupata salamu. Mzee Mgimba mpaka anazikwa alikuwa akisema nzi ni wengi kuliko wenye chumvi, na hesabu yake haikuwa mbaya. Lakini tangu siku ile hakuna lori lililogeuza Lutenge likiwa tupu, na maneno ya Tarsila yalianza kusikika kisimani, kisha kanisani, kisha hata kwa watu wasiojua ghala lilipo.

"Kwa hiyo ni Mama aliyeisema," Ezelina akasema.

"Ni yeye. Mimi nilileta chupa tu."

Makaa yalikuwa yameshika, yakitoa mwanga mdogo mwekundu. Ezelina alikaa kidogo, kisha akalitoa daftari kifuani na kuliweka juu ya magoti ya mama yake.

"Chungu wazi huita nzi," akasema polepole, "huita na mwenye chumvi. Nitawasomea taa zikirudi. Ila msinionee haya kuniambia."

Tarsila alilipapasa jalada la daftari kwa kiganja chenye vumbi la mahindi. Ndipo wote wakatambua kwamba ile chaka, chaka ilikuwa imekoma zamani. Kalista alikuwa amechuchumaa kando ya jiko, ameinua chupa mbele ya makaa, jicho moja amelifumba.

"Mama," akasema, "chumvi imeshika."