Ukoka Uliochomwa Ungali Hai

Wapendwa, kulikuwa na mzee mmoja aliyekuwa na bustani ya ukoka mbele ya nyumba yake. Ukoka huo aliupanda marehemu mkewe, kipande kwa kipande, akiwa amepiga magoti. Kwa hiyo nikisema mzee aliyapenda majani, msimcheke.

Mwaka mmoja mvua ikagoma. Maji ya bomba yakawa yanatoka mara moja kwa wiki, ya kupikia na kufulia tu. Ukoka ukapauka, ukawa kama mkeka uliochakaa, ukiukanyaga unavunjika. Mzee akasema, basi, umekufa. Akachukua jembe aung'oe, amwage kokoto, asiwe anauona kila akifungua mlango. Alipofika nusu, akaukusanya alioung'oa, akauchoma.

Moshi ukamleta jirani yake, mama mmoja mwalimu mstaafu. Akaokota shina lililobaki kando ya moto.

"Baba, umejuaje kama umekufa?"

"Kwani huoni rangi yake?"

"Rangi naiona. Nauliza kama umetazama huku chini."

Akayabandua magamba makavu kwa kucha. Pale shina linapokutana na mizizi palikuwa peupe, tena pana unyevu.

Mzee akachuchumaa. Akachambua shina la pili, la tatu, la kumi. Yote vilevile.

"Sasa huu unafanya nini humu ndani?" akauliza.

"Unajibana. Umeacha majani yakauke ili shina lipone. Usiukate, usiukanyage. Kila baada ya wiki mbili uumwagie maji uliyosuuzia nguo. Hautakuwa kijani, lakini utaishi."

Akafanya hivyo miezi minne, akimwagilia kitu ambacho hakikumwonyesha hata jani moja. Je, wewe ungeweza?

Mvua ikanyesha. Siku ya sita nusu ile iliyobaki ikachipua. Mnadhani mzee alifurahi? Alisimama mlangoni akalia, maana macho yake yalikuwa upande wa pili, kwenye udongo mtupu. Ule nao ulikuwa hai siku alipoutia moto.

Ndugu zangu, sisi tunao watu tuliokwisha kuwatia jembe. Yuko dada aliyekuwa akiimba kwaya hapa. Mwaka mzima hajaonekana, na jina lake tumelifuta. Yuko kijana ambaye hata mama yake anasema, huyo kaisha. Nani kati yetu alichuchumaa akatazama chini? Tuliona rangi, tukatoa hukumu.

Sikuulizi kama unaweza kuleta mvua. Hiyo si kazi yako, ina mwenyewe. Ninachokuomba ni kidogo: leo ukitoka hapa, kabla hujaenda kula, kapige hodi kwa mtu mmoja uliyemzika angali anapumua.