Chombo cha Mizizi

Ndugu zangu, hebu unganisheni viganja vyenu hivi, kama mtu anayekinga maji bombani. Nanyi watoto wa mbele. Vizuri. Sasa ishusheni mikono, tutairudia.

Kulikuwa na bibi mmoja huko kaskazini, nchi kavu ya ngamia. Watu wa huko husuka vyombo vya maziwa kwa nyuzi za mizizi ya kichaka fulani cha porini. Siku hizi kichaka hicho ni adimu. Ukame umekipunguza, na mbuzi wamemalizia. Mjukuu wake, tumwite Talaso, alipoolewa na kuhamia mjini, bibi alizunguka porini misimu miwili akichimba, mzizi huku, mzizi kule. Akaipasua ikawa nyuzi nyembamba, akasuka safu juu ya safu mpaka macho yakamuuma. Kikatoka chombo kirefu cha rangi ya kahawia, na kifuniko chake. Akampa jirani aliyekuwa akienda mjini akipeleke.

Talaso alikipokea kwa vigelegele. Siku hiyohiyo akamimina maziwa ndani. Alipogeuka kuchukua kikombe, maziwa yalikuwa yakitiririka mezani.

Ungekuwa wewe, ungefanyaje? Mimi ningesema, maskini bibi, macho yamemwishia. Talaso naye alisema vivyo hivyo. Alifuta meza, akakiweka chombo juu ya kabati sebuleni, akatia maua ya plastiki ndani yake. Bibi alipopiga simu kuuliza, "Kinashika?" alijibu, "Kinashika, Bibi! Tunanywea humo kila siku."

Mnaona? Hakutaka kumuumiza. Lakini uongo, hata ukivikwa upendo, hautoki bila kurudi. Mwezi mmoja baadaye bibi alibisha hodi, mkoba begani.

"Nimekuja kunywa maziwa ya chombo changu," alisema, hata viatu hajavua.

"Karibu, Bibi. Keti kwanza, umechoka. Maziwa yako kwenye friji, ngoja nikuletee baridi."

"Baridi ya nini? Mimi ni mgonjwa?" Akatupa jicho juu ya kabati. "Na yale ni nini?"

"Maua, Bibi."

"Tangu lini maua yakanywa maziwa?"

Bibi alikishusha chombo, akayaweka maua pembeni taratibu kama mtu anayemtoa mtoto wa jirani kitandani mwake, akaomba maziwa. Akamimina. Yakavuja, yakamwagika sakafuni.

Talaso alipiga magoti na kitambaa, akaanza kulia. "Nisamehe, Bibi. Nilijua. Kinavuja tangu siku ya kwanza. Niliogopa kukuambia, nikijua ulivyohangaika."

Bibi akacheka, akacheka mpaka akashika mbavu. "Ulikinywesha mara ngapi?"

"Mara moja."

"Moja! Mwanangu, mizizi hii ilikaa miaka mingi kwenye ardhi isiyo na maji. Unadhani itakupa wewe kabla haijashiba yenyewe? Ni kosa langu, nilisahau kukufundisha kabla hujahamia mjini. Lete maziwa."

Akamimina tena. Yakavuja. Akangoja, akapaka samli kwa kidole kwenye kila mshono, akamimina tena. Jioni kilikuwa kinatoa tone moja moja tu. Asubuhi Talaso alikigusa kwa nje, kikavu kama mkeka uliolala juani. Ndani yake maziwa hayakuwa yamepungua. Walikunywa wawili, bibi na mjukuu, wakipokezana, na maua ya plastiki yakaenda kwa mtoto wa jirani ayachezee.

Sasa, ndugu zangu, najua mnachongoja. Mnangoja niseme, tusikate tamaa haraka na mume, na mke, na mtoto aliyefundishwa jana akasahau leo. Ni kweli, nami nasema hivyo. Nimefundisha watoto miaka mingi, sijaona hata mmoja aliyeshika kwa mara ya kwanza.

Lakini tuliangalie vizuri jambo hili. Kila mmoja wetu hapa alijiona yeye ni Talaso. Nani alijiona chombo?

Sisi ndio mizizi ya nchi kavu. Mungu alimimina neema ndani yetu Jumapili iliyopita, na Jumatatu ikawa sakafuni. Amemimina mara ngapi? Sisi wenyewe tungekuwa tumejiweka zamani juu ya kabati, tukajitia maua, tukapendeza kwa wageni. Yeye hakufanya hivyo. Hajachoka, na bado ameshika maziwa mkononi.

Basi unganisheni viganja tena. Kingeni.

Kama yatavuja, yavuje. Hivyo ndivyo tunavyoshiba.